Kuku Saba wa Émile

Kwenye kona moja ya mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, pana benchi la mbao lililotengenezwa kwa makalio ya watu wanne, na sasa, mwaka huu wa 1993, linakaliwa na watu watatu. Wa kwanza ni Chomba, fundi wa baiskeli, aitwaye Docteur kwa kuwa hakuna ugonjwa asioujulia dawa. Wa pili ni Souleymane, mshona nguo, aitwaye Avocat, yaani wakili, maana hajawahi kukubali kushindwa. Wa tatu ni mzee Léonard, aliyetengeneza breki za mabehewa miaka thelathini, wakamwita Frein, yaani breki. Nafasi iliyo katikati ilikuwa ya Émile, aliyeitwa Radio kwa kelele zake, jirani yake Léonard. Wiki tatu zilizopita vijana walimgongea mlango wakamwambia watu wa Kasai kama yeye warudi kwao, naye akapanda treni na mkewe Jeanne na godoro moja. Tangu hapo nafasi haijaguswa. Avocat anakubali tako moja lining'inie hewani kuliko kusogea, jamani, mtu mzima na ndevu zake.

Mama Amida, muuza kahawa wa kona hiyo, alikuwa akimimina kahawa ya tangawizi. Sukari ilikwishapotea mjini.

— Frein, ba kuku banaendelea namna gani? aliuliza Docteur.

— Mumoja alikufa leo asubui. Banabakia sita.

Émile alifuga kuku kumi na wawili wa mayai nyuma ya nyumba, kila mmoja ndani ya kizimba chake cha waya. Walikuwa hawajawahi kukanyaga udongo, na ncha za midomo yao zilikatwa hata kabla hajawanunua. Émile alipoondoka, Léonard aliogopa kuonekana kwenye nyumba ya mtu aliyefukuzwa. Alingoja siku tatu. Alipovunja kufuli alikuta saba tu ndio wazima. Akawapeleka kwake, kwenye kuku wake tisa wa kienyeji, akaapa kwamba Émile akirudi atawakuta hai. Lakini wale wenyeji wakaanza kuwadonoa.

— Ni harufu, Docteur akasema. — Bapakaze bote majivu ya makala ya jiko. Bakinuka sawasawa, nani atajua nani alitoka wapi?

— Nilibapakaza.

— Na?

— Balibadonoa na majivu yabo.

— Harufu ya nini! Avocat akaingilia. — Ni sura! Niko na kitambaa ya bluu ilibakia. Nitabashonea bote nguo moja, kama banafunzi. Bazee balisema: mugeni njoo, mwenyeji apone.

— Benyeji bangu banapona muzuri sana, Avocat. Bageni njo banakufa.

— Na wewe fundi wa suruali, utapima kuku kiuno wapi? Docteur aliweka kikombe chini. — Sikiliza, Frein. Dawa ni kioo ya pikipiki. Tundika pale mulangoni. Kuku mwenyeji akijiona, atajidonoa yeye mwenyewe mpaka achoke. Jogoo la shamba haliwiki mjini!

— Ile methali inaingia wapi? Avocat aliuliza.

— Inaingia popote. Njo uzuri yake.

Léonard alicheka kidogo. Radio angekwishawazamisha wote wawili, akaleta uongo wa tatu ulio mkubwa zaidi. Alizitamani kelele zile. Nyumbani hakuna wa kusema naye. Benita, mkewe, alizikwa miaka sita iliyopita. Kila jioni huwabeba kuku wa Émile mmoja mmoja, akawaweka juu ya mti wa kulalia bandani, kando ya wenyeji, ili kukicha waamke pamoja kama majirani. Ndivyo bibi yake alivyofanya kule kijijini Lukafu. Ila hawa hawajui kushika mti. Wanaanguka, anawabeba tena.

— Papa Léonard, alisema Mama Amida, akiwa bado ameinamia mbabula, jiko lake la makaa. — Bakidonolewa, banalia?

— Hapana. Banajikunyata mu kona, bananyamaza.

— Na jogoo yako, ile saa, iko anafanya nini?

— Iko anaangalia tu.

Docteur alichungulia kikombe chake. Siku ile vijana walipomgongea Émile, karakana yake iliyo ng'ambo ya barabara aliifunga mapema. Avocat aliendelea kukanyaga cherehani. Léonard alikuwa nyuma ya mlango wake, mkono kwenye komeo, akimsikia Émile anaita: «Frein! Frein, baambie, unanijua!» Sasa aliweka kikombe chini, kahawa ikiwa nusu.

Hapo ndipo mtu mmoja alipovuka barabara, viatu vimejaa vumbi, mfuko begani, mgeni kabisa. Alilitazama benchi.

— Ba papa, pardon. Hapa iko muntu?

Docteur, mwenye dawa ya kila kitu, alikohoa. Avocat alianza kung'oa uzi kwenye suruali yake. Mgeni alisubiri, macho kwenye ubao uliong'arishwa na suruali ya mtu mmoja kwa miaka kumi na moja.

Léonard akasimama.

— Ikala hapa kwangu, alisema. — Pale iko muntu.

Sauti ilimtoka kubwa, ikasikika hadi ng'ambo ya barabara. Wiki tatu zilizopita ndipo ilipohitajika. Aliacha kahawa yake hapo hapo, akaenda nyumbani jua likiwa bado juu, akafungua banda na kuketi chini, kati ya wale wenyeji tisa na wale sita wa Émile.