Mwalimu Lwitiko Aaga Kwenda Jela

Pale Igamba, mwaka wa 1954, kijiwe chetu kilikuwa benchi moja refu mbele ya nyumba yangu, na birika la kahawa ya mashamba yetu wenyewe. Ijumaa moja saa nne, watoto wakiwa mapumzikoni, Mwalimu Lwitiko alikuja kutuaga. Mfukoni ana barua: jela ya bomani imemkubalia kazi ya uaskari, mshahara mkubwa kuliko wa kufundisha, na viatu juu yake. Akienda, shule yetu ya nyasi inafungwa, maana mwalimu mwingine hatuna. Mimi Kefa, Mungu anisamehe, nilimmiminia kahawa badala ya kumsihi.

— Msimlaumu, alisema Koplo, aliyepigana Burma. Mfungwa ana blanketi, ana ugali, ana bati kichwani. Watoto wetu wananyeshewa.

— Serikali ina akili, alijibu Amoni, tuliyemwita Bwana Shauri kwa kupenda kuamua kesi zisizo zake. Mfungwa ni mgeni wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Apone nini, wewe? Koplo akamkatiza.

— Sikiliza, bwana. Kila mtoto aibe kuku mmoja. Haba na haba hujaza kibaba! Jumatatu wote wako ndani, chini ya bati, wameshiba.

— Na mwalimu?

— Si ndiye askari wao! Atawafundisha humo humo, kwa mshahara mnono.

Mwalimu naye alicheka, ila macho hakuyainua.

Ndipo akaja mama mmoja, Marita, aliyehamia juzi kutoka Ikinga. Tukamsogezea nafasi, hakukaa.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama.

— Natoka shuleni, nilitaka kumwandikisha binti yangu, nikaambiwa Mwalimu yuko huku. Naona watoto wanakaa vumbini. Mwalimu, hamna benchi hata moja?

— Lilikuwapo, Mwalimu akasema taratibu.

— Sasa liko wapi?

Koplo akachungulia kikombe. Bwana Shauri akakohoa. Mimi najua kusoma kidogo, na jina la shule lililochongwa kwenye ubao wa benchi letu nililijua tangu tulipoliazima benchi hilo kwa arusi ya mtoto wa Koplo, miaka miwili kabla ya hapo. Kila asubuhi nililikalia jina hilo makusudi, lisionekane.

Nikasimama.

— Ni hili, mama. Nimekosa.

Koplo akashika benchi upande mmoja. Mwalimu akainamia wa pili, kisha akajiinua, akatoa ile barua.

— Nishikie, Mzee Kefa. Itakunjamana.

Ninayo mpaka leo. Hajaidai.