Theodosia Luambano na Taa ya Jikoni

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Aliye shambani aegeshe jembe kidogo. Aliye dukani Majengo amhudumie mteja wake kwanza, asije akasema redio imempotezea biashara. Leo hatutacheka sana. Tutacheka kidogo tu, kwa sababu mwenyewe angekasirika tusipocheka kabisa.

Leo tunamkumbuka Theodosia Luambano. Mwimbaji wa kantri, binti wa Mjimwema, hapa hapa Songea. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, nyumbani kwa mama yake, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Narudia kwa ambaye ndiyo kwanza anafungua redio: Theodosia Luambano, ambaye wengi wenu mlimwita Dosi, hatunaye tena.

Naitwa Osmund Kalinga. Mimi Mhehe, yeye Mngoni, na maana yake mnaijua. Sisi ni watani. Kila alipoingia studio hii alianza kwa kuwatangazia ninyi: "Wana Songea, fungeni mbwa wenu, Osmund ametoka kazini na hajala." Nami nilimjibu kwamba panya wa shambani, kitoweo cha Wangoni, wamefanya mkutano na kumwandikia barua ya malalamiko. Basi ndivyo tulivyoishi. Kwa hiyo mkinisikia namtania marehemu, msipige simu kulalamika. Nafanya kazi yangu ya utani, na msibani kazi hiyo ndiyo huwa nzito zaidi.

Sasa, nani hawajui akina Luambano? Baba, marehemu Mzee Pankrasi Luambano, ndiye aliyeanzisha kwaya ya familia. Mama, Mektilda, ndiye aliyefundisha sauti. Watoto wote wakaimba, wajukuu wakaimba. Nasikia hata jogoo wao aliwika sauti ya tatu. Kuanzia hapa mjini mpaka Mbinga, harusi isiyokuwa na akina Luambano ilionekana kama chakula cha mchana tu. Na misiba ndiyo usiseme. Wameimba kwenye misiba yetu mpaka sisi wengine tukasahau kuimba. Tulikaa tu, tukawaachia wao.

Mzee Pankrasi alikuwa na sharti moja kwa familia yake. Mfiwa haimbi. Kukiwa na msiba wa kwao, wao wanakaa kwenye mkeka, wanalia, na watu wengine ndio wanaimba. Likumbukeni sharti hilo. Mfiwa haimbi.

Katika familia hiyo ndimo Dosi alimozaliwa, na Dosi alikuwa na tatizo. Sauti yake ilikuwa inaruka. Ikipanda, ikifika mahali fulani, inakatika, halafu inatokea juu kule, peke yake. Mama yake alimtoa mstari wa mbele akiwa msichana mdogo. Dosi mwenyewe alinisimulia jinsi mama alivyosema, mbele ya kwaya nzima: "Theodosia, sauti yako inaruka kama mbuzi kwenye uzio. Nenda nyuma, mwanangu, kashike vitabu." Kwa hiyo binti wa Luambano akashika vitabu.

Kilichomwokoa ni tumbaku. Likizo moja alipelekwa Namtumbo kumsaidia shangazi yake, na kazi aliyopewa ni kuchunga moto kwenye bani la kukaushia tumbaku. Moshi, macho mekundu, na redio ndogo ya shangazi imening'inia kwenye msumari. Jumapili mchana ikapigwa kantri. Mwanaume mmoja mzungu, gitaa moja, anaimba Kiingereza cha puani. Dosi hakuelewa hata neno moja. "Lakini nilijua yule mtu kapotelewa," aliniambia. "Halafu sauti yake ikapanda, ikafika mahali, ikaruka! Kama yangu! Nikasema, kumbe kuna nchi ambayo mbuzi wanalipwa!"

Aliporudi Songea alimwomba kaka yake, Romanus, amfundishe gitaa. Romanus ndiye sauti ya nne ya familia, yule mwenye sauti inayotoka chini ya sakafu. Akamfundisha.

Onyesho lake la kwanza lilikuwa kwenye harusi, Majengo. Mshereheshaji alikuwa mimi. Dosi alikuwa amesikia kwamba waimbaji wa kantri huvaa kofia ya pama na buti ndefu. Kofia akaazima kwa katekista. Buti ndefu hakupata, akaja na gambuti zake za shambani, bado zina udongo mwekundu. Akapanda jukwaani. Bibi mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu ni fundi bomba?"

Akaimba kuhusu mbolea iliyochelewa kufika mpaka mahindi yakawa ya njano. Kwenye harusi, wasikilizaji! Watu wanangoja waserebuke, yeye anawaimbia mbolea. Lakini alipofika kwenye ubeti wa pili, wakulima waliokuwa ukumbini waliacha kula. Mzee mmoja alisimama na paja la kuku mkononi, akasema, "Huyu mtoto amefika shambani kwangu." Tangu siku hiyo hakuvua gambuti. Akawa Dosi wa Gambuti. Ameimba Mbinga, ameimba Tunduru, ameimba mpaka Njombe kwenye baridi ya kukata masikio.

Na wimbo uliompa jina ni mmoja, mnaujua. "Taa ya Jikoni." Aliutunga kwa sababu kila aliporudi nyumbani kutoka kwenye maonyesho, amechelewa, alikuta taa ya jikoni inawaka. Mama hakumsubiri mlangoni. Hakumuuliza ameimbaje. Taa tu, na sahani imefunikwa.

"Nimerudi nimechoka, mji wote umelala,
taa ya jikoni inawaka, nani kasahau kulala?"

Pale kwenye "inawaka" ndipo sauti yake iliporuka. Mnapajua. Wengi wenu mmejaribu, na majirani zenu wamenipigia simu.

Wimbo huo haukurekodiwa studio. Walirekodi nyumbani, sebuleni, Romanus ameshika simu. Na kama mmeusikiliza vizuri, huko nyuma kuna kelele. Ko. Ko. Ko. Ni mama yao jikoni, na sufuria. Romanus alinieleza hivi: "Nilimwambia Dosi, ngoja nifunge mlango wa jikoni, mama anatuharibia. Akasema acha wazi, moshi utamtesa mama. Basi nikaacha." Miaka yote hii, nikimaliza kuupiga wimbo huo, nimekuwa nikitangaza: gitaa na sauti, Theodosia Luambano, kelele, jikoni. Tunacheka, tunaendelea na salamu.

Mwaka jana alikaa kwenye kiti hiki kilicho mbele yangu. Nikamuuliza, "Dosi, mama anaupenda wimbo upi?"

"Mama? Hajawahi kuniambia. Mimi nikishika gitaa, yeye anashika sufuria."

"Kwa hiyo mkoa mzima umeushinda, jikoni kwenu umeshindwa?"

"Cheka tu, Mhehe." Halafu hakucheka. "Watu wananiuliza nataka nini tena. Mimi nataka kitu kimoja. Mama yangu aimbe na mimi. Hata wimbo mmoja. Siku hiyo natundika gitaa."

Mkulima mmoja wa korosho akapiga simu kutoka Nalasi. "Mwambieni mama aache vyombo, aende akaimbe na mtoto! Sisi tutakuja kuosha!"

Tulicheka. Lakini nilimwona usoni. Mtu aliyesomeshwa na dunia kama mimi anaijua sura ya mtu anayetania kitu kinachomuuma. Mwaka nilioachishwa kazi redio nyingine, nilijifungia ndani nikawa siongei na mtu. Dosi alikuja na ndoo ya mahindi mabichi, akaiweka mlangoni, akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Mhehe, kula! Usije ukawamaliza mbwa wa watu!" Hakuniuliza kitu. Akaondoka zake. Nikatoka nje nacheka, na mashavu yamelowa. Kumbe ile tabia ya kuacha chakula na kuondoka aliitoa jikoni kwao.

Basi. Jumanne ile akafariki. Mama hakuimba naye.

Wasikilizaji wapendwa, tulimzika Alhamisi. Kanisani na makaburini kwaya za parokia ziliimba vizuri. Tukarudi Mjimwema nyumbani kwao, watu wamejaa uani, chai inachemka. Akina Luambano wote wamekaa kwenye mkeka. Mfiwa haimbi. Mama Mektilda yuko katikati yao, kanga imefunika kichwa.

Mimi nikafanya kazi ya mtani. Nikavaa kofia yake ya pama, nikatumbukiza miguu kwenye gambuti zake, zikanibana, nikatembea kama yeye. Watu wakacheka, wakafuta macho. Mtu akapiga kelele, "Mtani, tuimbie 'Taa ya Jikoni'!"

Ningekataa, yasingetokea yaliyotokea. Nikaimba. Nilianza juu mno na nikaenda mbio mno. Ua wote ukanifuata, kila mtu na njia yake. Nasema kweli, kama wangekuwa ng'ombe tungekuwa tunawatafuta mpaka leo. Romanus alikuwa ameshika taya kama mwenye jino bovu. Tukafika kwenye "inawaka". Nikaruka. Wenzangu wakasema nilibweka. Mimi Mhehe, msiniulize zaidi.

Ndipo tukasikia. Ko.

Ko.

Ko.

Mama Mektilda alikuwa amechukua kijiko, anagonga sufuria iliyokuwa karibu na mkeka. Polepole. Kanga bado kichwani.

"Mnakimbia wapi?" akasema. "Mwanangu mmeshamzika. Mnakimbia wapi tena?"

Ua mzima ukamgeukia.

"Anzeni upya. Hapa, siyo kule juu. Na wewe Osmund, nyamaza."

Akaanza mwenyewe. Bibi wa miaka sabini na tisa. Maneno yote anayo. "Nimerudi nimechoka, mji wote umelala." Hakukosea hata moja. Akafika kwenye "inawaka", nami nikafumba macho, nikijua sauti ya umri ule haitafika. Ikapanda, ikakatika. Halafu ikaruka, ikatokea juu kule, peke yake. Kama mbuzi kwenye uzio.

Romanus akashindwa kuvumilia. Sauti ya nne ikaingia kutoka chini ya sakafu. Akaingia dada yao, wakaingia wajukuu. Sharti la Mzee Pankrasi likavunjika pale pale, na mvunjaji wa kwanza ni mjane wake mwenyewe.

Jumamosi nilirudi kumjulia hali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita. Mbwa wetu yuko nyuma ya nyumba, mwache."

Nikakaa. Nikamwambia, "Mama, kumbe ulikuwa unaujua wimbo wa Dosi."

"Wimbo gani?"

"Mama! Umeimba juzi hapa uani, watu wote wamekusikia."

"Sikuimba. Mfiwa haimbi. Nilikuwa nawasahihisha."

"Na ile kugonga sufuria, miaka yote?"

Akanitazama kama mtoto asiyeshika somo. "Theodosia alikuwa akifurahi anakimbia. Tangu mdogo. Gitaa linakimbia, na yeye anakimbia. Sasa nani angemshika? Romanus naye anamfuata tu. Nilikuwa nampa mapigo."

"Mbona hukumwambia?"

"Nilimtoa mbele ya watu kwa sababu ya sauti yake. Watu wakaja kumpenda kwa sauti ile ile. Nitamwambia nini? Nikakaa jikoni, nikafanya ninachokiweza."

Nikauliza lile nililolijia. "Mama, unafikiri alijua?"

Akaivuta kanga vizuri. "Siku ile wanarekodi, nilimsikia anamwambia Romanus asifunge mlango. Eti moshi utamtesa mama." Akatabasamu kidogo. Kidogo sana. "Moshi gani, Osmund? Siku ile sikuwa nimewasha moto. Sufuria ilikuwa tupu. Na yeye alikuwa ametoka humo jikoni dakika ile ile."

Wasikilizaji wapendwa, mimi ninayeongea mpaka fundi mitambo anazima kipaza sauti, siku hiyo niliaga mapema.

Kwa niaba ya redio yetu natoa pole kwa Mama Mektilda, kwa Romanus, kwa familia yote ya akina Luambano, kwa wana Mjimwema na kwa kila aliyewahi kulima huku anamsikiliza Dosi. Mungu ampumzishe Theodosia kwa amani. Amuachie gambuti zake, maana bila hizo hatamtambua.

Na wewe unayenisikiliza, nikuombe jambo. Nyumbani kwako yupo mtu asiyekusifu. Hakuulizi umeshindaje. Anagonga vyombo, anaacha taa inawaka, anafunika sahani. Leo jioni, kabla hujamwambia apunguze kelele, msikilize. Na kama ni wewe unayegonga, usikae sana jikoni. Mlango uko wazi.

Nawaacha na wimbo. Safari hii nautambulisha ipasavyo, kama nilivyotakiwa kuutambulisha tangu siku ya kwanza.

"Taa ya Jikoni." Gitaa, Theodosia Luambano. Sauti, Theodosia Luambano.

Sufuria, Mektilda Luambano.