Sindano za Uso wa Honi

Hapa mjini Luoyang, kwenye kona ya uchochoro wetu, lipo benchi linalotazamana na zahanati ya tiba ya sindano, zile za kuchomekwa mwilini bila dawa ndani. Asubuhi ile ya vuli tulikuwa wanne na chupa moja ya chai. Mimi, fundi cherehani mstaafu. Profesa, ambaye hajawahi kufundisha popote. Alikuwa akichana tiketi mlangoni kwenye ukumbi wa opera. Bibi Redio, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Na Mzee Geng, tunayemwita Honi kwa miaka yake thelathini ya kuendesha basi. Siku tano kabla, Honi aliamka nusu ya uso imelala: mdomo umekwenda upande, jicho la kushoto halifumbi. Hospitali walimpima wakasema si kiharusi, ni neva ya uso. Wakampa vidonge, wakamwelekeza pia kwa Daktari Shen, ng'ambo ya barabara, saa tatu. Saa tatu kasorobo Honi alikuwa ameganda kwenye benchi kama kupe.

— Hizo sindano zina urefu gani? aliuliza.

— Kama kijiti cha kulia wali, alijibu Profesa. Inaingia shavuni, inatokea kisogoni.

— Mwongo wewe! Bibi Redio akadakia. Usoni hawagusi kabisa. Wanakuchoma kwenye kidole cha mguu, uso unashtuka wenyewe. Shemeji yangu alichomwa goti, akaamka anaongea Kikantoni, lugha ya watu wa kusini.

— Alikuwa anakijua? Honi akauliza.

— Hata salamu!

— Usiogope, Honi, Profesa akasema. Wahenga walinena, dawa ya moto ni moto.

— Kwa hiyo dawa ya uso uliopinda ni kupinda na upande wa pili? akauliza Honi.

Tulicheka. Honi naye akacheka, kisha akafunika mdomo kwa kiganja.

— Mke wangu Cuifen, nikicheka anageukia ukutani, alisema taratibu. Anadhani sijui kama analia.

Nikamwongezea chai.

— Haya, semeni kweli, akasema Honi. Nani kati yenu amewahi kuchomwa?

Profesa akakohoa. Bibi Redio akatazama pikipiki iliyokuwa ikipita. Mimi nikafunga chupa.

— Basi twendeni wote, nikasema.

Daktari Shen, mwanamama mfupi mwenye mikono ya joto, alimlaza Honi kitandani, sisi tukipanga foleni ukutani.

— Umekula, mzee?

— Uji na andazi.

— Vizuri, tumbo tupu huleta kizunguzungu. Sindano ni nyembamba kama unywele, na kila moja ni mpya. Utasikia kama sisimizi ameng'ata, halafu uzito, pengine ganzi kidogo. Ikiuma sana, sema. Dakika ishirini, usitikisike.

Akafungua pakiti. Moja kando ya jicho, moja shavuni, moja karibu na mdomo, moja mkononi kati ya dole gumba na kidole cha shahada.

— Umeshaanza? aliuliza Honi.

— Nimeshamaliza.

Kabla hatujacheka, tukasikia kishindo. Profesa alikuwa chini, mweupe kama unga wa ngano. Muuguzi alimwinua miguu, akampa maji ya sukari. Kumgeukia Honi, tukamkuta anakoroma.

Alitoka na alama ndogo ya damu shavuni na uso uleule uliopinda. Nyuso zetu nazo zikaanguka.

— Mlitaka muujiza? akasema Daktari Shen. Arudi mara tatu kwa wiki, na vidonge asiache.

Akarudi. Wiki ya pili hakuna kitu. Ya tatu, kope ilicheza. Ya sita, Honi alikuja kijiweni na Cuifen, ambaye hakuwahi kukaa nasi hata siku moja, na uso wa mumewe ulikuwa umenyooka karibu wote.

Jirani mpya, mwalimu wa hesabu, alisimama kutusikiliza tukiisifu sindano.

— Samahani, wazee wangu. Kilichomponya ni sindano, ni vidonge, au uso ungepona tu wenyewe?

Bibi Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuwa na habari. Honi aliona sura zetu, akapasuka kicheko.

Cuifen alikuwa akimenya mbegu za alizeti. Akaacha, akamtazama mumewe usoni, bila kugeukia pembeni, mpaka kicheko kikaisha.

— Mwalimu, alisema, kaa hapa unywe chai.