Kurasa Kumi Tupu

Bwana asifiwe. Tena kwa nguvu, ndugu zangu, sikio langu la kushoto lilibaki angani na hili la kulia linazeeka. Bwana asifiwe! Hapo sasa.

Mchungaji ameniomba ushuhuda mara nyingi, nikakataa. Nilikuwa naogopa hasira yangu. Leo nimekuja nayo, na nimekuja na hiki kitabu, mnakiona kimeliwa na mchwa pembeni. Sitataja jina la mtu. Wengine wenu mnamjua nitakayemsema, na mkianza kugeuza shingo kumtafuta nitaketi chini, niwaache hivyo hivyo.

Miaka ya sitini nikiwa kijana hapa Kabati, niliandikwa jeshi la wanahewa. Mama yangu alilia siku tatu, akisema mtu hakuumbiwa mabawa. Nilifunzwa, nikawa rubani. Si wa zile ndege za kupigana, hapana. Mimi nilibeba dawa, magunia na askari, nikiteremka kule kaskazini kwenye viwanja vya vumbi ambapo wafugaji walifukuza mbuzi kwanza ndipo nikanyage chini. Nilipenda kazi ile kuliko chakula.

Sasa, rubani hapandi ndege kwa imani peke yake. Kila asubuhi fundi anaikagua, anaandika kitabuni kwamba iko sawa, anatia sahihi. Halafu rubani anaizunguka mwenyewe, anagusa, anachungulia, naye anatia sahihi. Ukitia sahihi, unapanda wewe. Hakuna mtu hutia sahihi kwa mchezo kama shingo ni yake.

Fundi wangu alikuwa mtu wa hapa hapa kwetu. Asubuhi moja alikataa kutia sahihi. Mkubwa wetu anafoka, mzigo unangojewa, na mimi nimeshaizunguka ndege nikaona haina neno. Akasema, "Kapteni, nifungeni mkitaka, lakini sahihi yangu leo hampati." Akalala chini ya bawa na tochi, akanionyesha ufa mwembamba kama unywele. Aiya! Tangu siku hiyo akawa ndugu yangu. Nilimsimamia harusi. Mtoto wake wa kwanza akampa jina langu.

Miaka ya sabini ikielekea kuisha, sikio likaharibika, daktari akasema huyu asipae tena. Nikarudi nyumbani. Fundi naye muda wake ukaisha, tukaungana, tukafungua mashine ya kusaga unga pale karibu na soko. Watu walicheka sana, rubani mzima amepakwa unga kama panya wa ghalani. Nilicheka nao. Tukaleta desturi yetu ya jeshi: kila asubuhi fundi anakagua injini, chekeche na mahindi tunayosaga ya kuuza, anaandika. Mimi nazunguka, natia sahihi. Kitabu chenyewe ndicho hiki.

Ikaja njaa ile tuliyoiita Nikw'a Ngwete, nakufa nimeshika pesa, maana chakula hakikuwepo hata cha kununua. Katikati ya njaa hiyo baba mkwe wangu akafariki huko Kilungu. Nilijua mimi na mke wangu tutakaa huko siku kama kumi. Na hapo, ndugu zangu, nawaambia bila kujificha, nilifanya ujinga. Nilifungua kitabu nikatia sahihi kurasa kumi ambazo hazijaandikwa kitu. Nikamwambia fundi, "Wewe utajaza." Jeshini ningefungwa kwa jambo hilo. Lakini huyu si ndiye alikataa kutia sahihi ili mimi nisife? Nizunguke nikitafuta nini?

Niliporudi nilikuta watu wamejaa mbele ya mashine, na hakuna aliyenisalimia. Watoto wa nyumba nne walikuwa hospitalini Kitui wakitapika, wengine wakitetemeka mwili mzima. Walikula unga wetu. Yale mahindi yalikuwa mbegu ya kupanda, ile inayopakwa dawa ya wadudu, yenye rangi ya pinki. Mtu aliiosha mpaka rangi ikatoka, akaianika, akaisaga, akauza. Rangi ilitoka, sumu ikabaki.

Naibu wa chifu akaita baraza. Nilimtazama fundi wangu, nikingoja aseme. Alisimama bila kuniangalia, akafungua kitabu. "Mimi ni mtu wa injini tu," akasema. "Mahindi aliyakagua Kapteni asubuhi ile aliyoondoka. Sahihi ni yake." Na kweli ilikuwa yangu. Juu yake, kwa ule mwandiko wake safi, ameandika: mahindi yamekaguliwa, ni mazuri.

Nikasema kurasa zilikuwa tupu. Mzee mmoja akaniuliza, "Mtu mzima, tena rubani, anatia sahihi karatasi tupu?" Na nyinyi wapendwa sitawapaka mafuta, wengi wenu mlikuwa pale. Mashine ikafungwa. Jumapili iliyofuata nilikaa kwenye benchi hili la tatu, na benchi lote likahama. Fundi akaenda zake mji wa Kiboko kutengeneza magari. Watoto walipona, Mungu ashukuriwe, na mmoja yuko kwenye kwaya leo, mkubwa, mzuri. Jina langu ndilo halikupona.

Miezi mingi nilikuwa nalala hadi jua lichome bati. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema kinauma namna gani. Adui akikupiga, unajua la kumfanya. Aliyekuokoa akikuuza, hata mema aliyokutendea yanageuka kukucheka. Nilifika mahali nikajiuliza kama ule ufa ulikuwa ufa, au ulikuwa mkwaruzo tu wa rangi.

Mke wangu alivumilia, halafu akachoka. Siku moja alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Ulitia sahihi au hukutia?"

"Nilitia, lakini..."

"Hiyo lakini iondoe. Huko jeshini, mtu akishatia sahihi, nani anapanda ndege?"

"Yeye mwenyewe."

"Basi panda, mzee. Umekaa chini ya kutosha."

Ruhusa ya kufungua mashine tulishapewa, ila mteja hakuwepo. Asubuhi hiyo tuliiwasha. Nikasaga gorogoro moja, lile kopo la kilo mbili, ya mahindi yetu, mke wangu akawasha jiko pale nje mbele ya mlango, akapika uji, nami nikaunywa nimesimama, kila mpita njia akiniona. Kesho yake tena. Wiki mbili nilikunywa uji peke yangu kama mwendawazimu. Wenye duka la jirani walikuwa wananiuliza, "Kapteni, bado hujafa?" Nawajibu, "Bado, karibuni!"

Ndipo akaja mama mmoja mjane, jirani wa nyuma ya mashine, na mahindi yake kwenye kikapu. Akaniita pembeni. "Mwanangu, niliona maji ya pinki yakitiririka huku kwangu. Niliona mikono ya fundi wako ikiosha. Naye aliniona nikimwona. Akaniletea unga, ule mzuri. Nikanyamaza. Nilikuwa na njaa."

Ndugu zangu, nikaweka kikombe chini. Nilitaka kumfukuza kwa fimbo. Aliketi kwenye baraza lile akasikia nikiitwa muuaji wa watoto, na akafunga mdomo! "Hata wewe, mwaitu?" nikamwambia. Kwa Kikamba huyo ni mama yangu, na nilimwita hivyo kwa uchungu, si kwa heshima. Akasema, "Hata mimi. Sasa saga yangu, nipe na huo uji, nikae hapa wanione."

Akakaa. Siku ya soko ilipofika alikaa tena kwenye kigoda chake, kikombe mkononi, na kila aliyesimama alimweleza aliyoyaona na unga aliopewa ili anyamaze. Hakujificha hata kidogo. Kufika saa sita mchana, debe la kwanza likaingia, halafu la pili. Mashine ile ilisomesha watoto wangu, na bado inanguruma.

Nasema asante kwa mama yule, amepumzika sasa. Alinisaliti, kisha akanirudishia jina, na yote mawili ni kweli. Asante kwa mke wangu, ambaye hakunionea huruma siku ile. Asante kwako uliyeleta debe la kwanza, unajijua. Na fundisho langu ni dogo: usitie sahihi kitu ambacho hujakizunguka, hata kama kimeletwa na ndugu yako. Ukishatia, panda.

Uji uko pale nje kwenye sufuria. Nimeunywa asubuhi na niko hai. Baada ya ibada, karibuni wote.

Na wewe uliyerudi kutoka Kiboko, nasikia unaketi kule nyuma karibu na mlango. Msigeuke, nimesema! Ndugu, sijakusamehe yote. Ningesema nimekusamehe hapa madhabahuni, ningekuwa natia sahihi karatasi tupu tena. Lakini kikombe chako nimekiosha kwa mikono yangu. Nitakunywa kwanza, uone, ndipo nikupe. Juu ya mahindi sitakuuliza. Nataka uniambie jambo moja tu, nilisikie kwa hili sikio lililobaki: siku ile chini ya bawa, ulikuwa ufa kweli?