Orest Hrynkiw, Diwani Aliyetoka Nje Kura Ikipigwa

Orest Hrynkiw alizaliwa tarehe 14 Februari 1947 shambani kwa wazazi wake, kaskazini mwa Kelso Bend, Manitoba, theluji ikiwa imefunga barabara. Mkunga alichelewa, yeye hakusubiri. Dada yake Olha, anayesoma wasifu huu, anasema hiyo ndiyo mara pekee Orest aliwahi kuwa na haraka.

Alisoma hapa mjini hadi darasa la kumi, akaacha baba yao alipovunjika mguu wakati wa mavuno. Mwaka 1968 aliajiriwa kwenye ghala la nafaka, akapanda hadi kuwa msimamizi. Tarehe 9 Agosti 1975 alifunga ndoa na Stefania Kozub katika kanisa hili hili, wakajaliwa binti mmoja, Larysa.

Mwaka 1998 alichaguliwa diwani. Alikuwa mkaidi, na tusimpambe leo kwa kuwa amelala. Kila mara ombi la fedha za tamasha la fahari la wapenzi wa jinsia moja lilipofika barazani, alilipinga. "Kodi ni ya barabara na mabomba," alisema. "Anayetaka kuandamana aandamane kwa pesa zake."

Larysa, ambaye mwenyewe anapenda wanawake, alimuuliza mezani, "Mbona mashindano ya farasi mnayapa, Baba? Farasi wanalipa kodi?"

Orest akawaka. Larysa akahamia Winnipeg, na kwa miaka tisa baba yake hakumtaja mbele za watu. Jambo hilo lilituumiza sote.

Mwaka 2016 Larysa alirudi kuongoza tamasha. Madiwani walikuwa sita. Watatu walitaka fedha zitolewe, watatu, Orest akiwemo, hawakutaka, na kura zikilingana ombi huanguka. Sheria ya baraza humtaka diwani atoke ikiwa ndugu yake ndiye atakayeshika fedha. Wote walijua, wote walinyamaza wasimwaibishe. Orest akasimama.

"Natoka. Larysa Hrynkiw ni mwanangu."

"Kaa chini bwana, ukitoka tumeshindwa," jirani yake alimnong'oneza.

"Ni mwanangu," alirudia, akachukua kofia yake.

Larysa alikuwa kwenye korido. "Usidhani nimekubali," Orest alimwambia.

"Sijadhani, Baba."

"Umekula?"

Fedha zilipita. Mwaka uliofuata alizipinga tena gazetini, halafu siku ya kura akatoka tena.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2021. Noelle Desjarlais, mke wa Larysa, ndiye aliyempeleka hospitali Brandon kila wiki, wakibishana kuhusu kodi njia nzima. Orest alifariki nyumbani tarehe 3 Machi 2022, akiwa na miaka sabini na mitano.

Maneno ya mwisho ya wasifu huu aliyasimamia mwenyewe kitandani. Olha alipofika kwenye jina la Larysa, Orest alimkatiza. "Na mkwe. Mtaje Noelle kwa sauti, watu wa nyuma wasikie."

Ameacha mke, Stefania, dada, Olha, mwana, Larysa, na mkwe, Noelle.

Pumzika kwa amani, Orest. Wa nyuma wamesikia.