Mzee Nzau Mulinge, Mwenye Bustani

Mzee Nzau Mulinge alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 karibu na Mutomo, mtoto wa tatu wa Mulinge na Kavindu. Alisoma hadi darasa la nne, mwaka wa 1962, ndipo ng'ombe za baba yake zikamrudisha nyumbani. Hata hivyo alinishinda mimi mke wake, Kalunde, niliyefika la pili tu. Binti yetu Wavinya anayewasomea haya nimemwambia asirekebishe kitu.

Mwaka wa 1971 aliandikwa kazi ya reli Sultan Hamud, akafunga mataruma chini ya vyuma vya reli hadi 1998. Tulifunga ndoa kanisani tarehe 7 Disemba 1974. Hakuwahi kuninyanyulia mkono, na mimi mnanijua mdomo wangu.

Alipostaafu alianza bustani nyuma ya jiko. Haikuwa ya kuuza, ilikuwa ya kupenda tu. Alichimba mashimo ya kufika magoti, akatia mbolea ya mbuzi, akapanda mipapai, sukuma wiki na nyanya. Maji ya kuosha vyombo hakuna mtu aliruhusiwa kumwaga ovyo. Mimi niliona aibu. Nikamwambia, "Mwanaume mzima kuchunga sukuma, watu wa reli watasema nini?"

Akasema, "Watasema nakula mboga."

Mwaka wa 2016 nilibeba papai zake hadi kanisani siku ya mavuno. Mchungaji akauliza hizi kubwa hivi ni za nani. Nikasema ni zangu, nimepanda mwenyewe. Nikaitwa mbele, nikapigiwa makofi. Nzau alikuwa kwa benchi ya nyuma, na yeye akapiga.

Baada ya wiki mbili akina mama wa kanisa walikuja kuona bustani. Nilimwambia Nzau aende kwa ndugu yake, akakataa, akakaa kando ya ukuta wa jiko akitia jembe mpini. Mama Mbinya akaniuliza, "Dada Kalunde, mbona wewe unapanda ndani ya shimo na sisi tunapanda juu ya tuta?"

Sikujua. Nikainama kung'oa magugu, wakaanza kuangaliana.

Nzau akasema bila kuinua kichwa, "Yeye aliniambia mvua yetu ni kidogo, kwa tuta inakimbia, kwa shimo inangoja mizizi. Mimi namchimbia tu."

Wakacheka. "Mzee, umepata mwalimu."

"Nimepata," akasema.

Siku hiyo walinizawadia keni ya kunyunyizia maji, ya kijani. Niliiweka juu ya kabati ya vikombe. Nzau akaendelea na mkebe wake wa mafuta ya kupikia, aliotoboa kwa msumari. Miaka tisa hakuniomba ile keni. Kila mavuno nilisema leo nitasimama niseme ukweli, na kila mavuno nikarudi nyumbani na sifa yake.

Aliugua figo kutoka 2023, tukawa watu wa kwenda hospitali Kitui kila wiki. Siku zake za mwisho alinishika mkono akaniuliza, "Mama Kyule, maji ya vyombo umemwaga wapi?" Nikasema kwa mipapai. Nilikuwa nimemwaga kwa geti. Alilala Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa tisa mchana.

Keni mnaiona hapa kando ya jeneza. Mama Mbinya na wenzako, mlimpa mtu ambaye si mwenyewe. Leo nimeijaza maji ya vyombo vya asubuhi, na tukimaliza hapa nitaenda nyuma ya jiko. Mwenye anataka miche aje. Lakini msiniulize swali, aliyekuwa anajua ni huyu tunayemzika.

Ameacha mimi mke wake, watoto wetu Kyule na Wavinya, wajukuu watano, ndugu yake Mutisya, na mipapai kumi na mmoja, miwili imeanza kukauka kwa sababu yangu.

Mungu ampumzishe Nzau Mulinge, mwenye bustani.