Tundu Nililoliziba kwa Woga

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, na ninyi wa nyuma pia, maana leo ninyi hasa ndio ninaotaka mnisikie. Mimi ni Mama Riziki wa Rugenge, fundi wa kushona. Wengi mnanijua kwa mdomo wangu. Leo mdomo huo huo umekuja kutubu.

Mnakumbuka parsele yetu, kiwanja na nyumba yake, ilivyokuwa. Robine, bomba letu la maji, iko katikati ya uwanja, na lango lilikuwa wazi tangu asubuhi. Kila siku kina mama wa avenue yetu, mtaa mzima, walikuja na bidoni zao za maji, wakapanga mstari, wakacheka, wakagombana kidogo, wakaondoka na maji. Mimi nilishona barazani nikapata habari zote za mji bila kutoka nje. Mume wangu anafundisha shule kule Lubarika, anarudi Jumamosi tu. Lakini sikuwahi kujisikia peke yangu. Nilikuwa na mama mkwe wangu, ambaye miguu yake imepooza, na nilikuwa na avenue nzima.

Halafu wezi wakaja. Walikuwa wanne, wenye bunduki mbili, na jua lilikuwa bado halijazama. Walichukua cherehani, simu, na vitambaa vya watu nilivyokuwa nimepewa nishone. Mmoja alimwekea mama mkwe mtutu wa bunduki kwenye shavu, mwanamke asiyeweza hata kujigeuza kitandani! Hawakuua mtu, namshukuru Mungu. Walikaa kwangu muda mfupi kuliko wa kupika bugali. Lakini woga walioniachia ulikaa mwaka mzima, ukawa unaniamuru kama mwenye nyumba.

Nikafunga lango kwa kufuli tatu. Nikaita mwashi akapandisha ukuta, na juu yake tukapanga vipande vya chupa. Kina mama walipogonga na bidoni zao niliwajibu kutoka ndani kwamba robine imeharibika. Uongo! Maji yalikuwa yanatoka vizuri. Wakaanza kushuka kuchota ziwani, na sote tunajua maji yale yanaleta nini tumboni mwa watoto. Hata mimi nilijua. Nilikaa ndani nikasema afadhali hivyo, kwa sababu kati yao yumo aliyewaonyesha wezi njia.

Na huyo mtu nilikuwa nimeshamchagua. Jirani yangu wa chini, mteremkoni, anaitwa Baba Sifa. Kazi yake ni kuponda mawe ya mtoni, anayafanya kokoto na kuwauzia wanaojenga. Ana nyundo kubwa ambayo mimi siwezi hata kuinyanyua. Kila asubuhi niliiona ikipita begani mwake, nikasema moyoni, ile inavunja mlango wowote. Na siku ya wezi, majirani walipokuja kunipa pole, yeye alifika wa mwisho. Basi, ushahidi wangu ulikuwa huo tu, nyundo na kuchelewa! Sikumuuliza alikuwa wapi. Nilikwenda kwa shefu wa avenue, nikalitaja jina lake mbele ya watu. Wakamtia kasho, akalala mahabusu siku mbili. Hawakuona kosa, wakamfungulia. Lakini mnajua jina la mtu likishaingia kasho linavyotoka. Wenye kujenga wakaacha kununua kokoto zake. Watu wakaacha kumsalimia. Mke wake aliendelea kunisalimia njiani, na mimi nikawa nageuza uso.

Sasa sikilizeni kosa langu. Ninyi mliojenga mteremkoni mtanielewa haraka. Sisi huku tunaacha tundu chini ya ukuta. Mvua ikinyesha milimani, maji yanaingia chini ya lango, yanapita uwanjani, yanatokea kwenye tundu kwenda kwa jirani wa chini, naye anayapitisha kwa mwenzake, hivyo hivyo mpaka ziwani. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, tuliikuta. Tundu langu linatokea kwa Baba Sifa. Nikalitazama, nikaona mtu mwembamba anaweza kupenya pale. Nikaliziba kwa mawe na simenti. Mume wangu aliporudi Jumamosi akauliza, "Na mvua je, Mama Riziki?" Nikamjibu kwamba mvua haina bunduki. Nadhani Mungu alinisikia akatikisa kichwa.

Ilikuwa Jumatano, saa nane za mchana. Mlimani kulikuwa kweusi tangu asubuhi. Maji yalishuka mekundu, yamejaa matope, yakaingia chini ya lango kama kawaida yake, yakaenda kwenye tundu, yakakuta simenti. Ukuta wangu mzuri ukageuka beseni! Yalinifika kwenye magoti nikiwa bado ninaokota vitambaa. Nikambeba mama mkwe kutoka kitandani, sijui kwa nguvu gani, nikamlaza juu ya meza yangu ya kukatia nguo. Nikaenda kwenye lango. Kufuli zote tatu nilizifungua, ndugu zangu, zote! Lakini lango letu linafungukia ndani, na matope yalikuwa yameshaliegemea. Halikusogea hata kidogo.

Maji yakafika mapajani. Mama mkwe akaniambia, "Weye enda, mwanangu. Panda ku ukuta. Minye nilishazeeka." Nipande wapi? Juu kule kulikuwa na chupa nilizozipanga mwenyewe.

Kwetu mtu akivamiwa anapiga sufuria, na kila anayesikia anatoka. Niliishika sufuria na mwiko, na mkono wangu ukakataa. Niliona aibu. Nimwite nani? Wale niliowafukuza na bidoni tupu? Yule niliyemtia kasho? Ndugu zangu, aibu ile ilinikaba kuliko maji. Ndipo nikasema, "Bwana, watu wote nimewafungia nje, mimi mwenyewe. Nifungulie wewe." Nikapiga. Nikapiga nikilia.

Nikasikia sauti upande wa chini wa ukuta. "Mama Riziki! Mutoke ku ukuta! Mukae mbali, nabomola!" Halafu nyundo. Ile ile! Mwaka mzima niliiota ikivunja mlango wangu, na sasa kila ilipopiga nilisema asante Yesu. Ukuta ulianguka mara ya tano au ya sita, maji yakatoka yakivuma, yakachukua masufuria na viti vyangu. Baba Sifa akaingia amejaa matope mpaka kifuani. Alimchukua mama mkwe mgongoni kama mtoto, akapita naye pale palipobomoka, na upande wa pili mikono ilikuwa mingi ya kumpokea. Ilikuwa mikono ya kina mama wa bidoni.

Nilipotoka niliona uwanja wake. Maji ya kwangu yalikuwa yamepita pale yote kwa pamoja, na lundo lake la kokoto, kazi ya majuma mengi, halikuwepo tena. Alijua litakwenda. Alijua kabla ya kuinua nyundo! Nikamuuliza kwa nini amekuja, wakati anajua nilivyomtendea. Akasema, "Minye nilisikia sufuria inalia. Sikuuliza iko ya nani."

Ndugu zangu, wezi wale hawajakamatwa mpaka leo. Sitawadanganya kwamba mji umetulia. Mlango wangu bado naufunga, na mbwa akibweka ghafla moyo bado unaruka. Lakini nimehesabu vizuri. Wezi walichukua cherehani. Majirani nilijinyang'anya mwenyewe. Sasa palipobomoka Baba Sifa amenitengenezea mlango mdogo, na kina mama wanapita hapo kufuata maji. Wanagombana kama zamani, na mimi nasikia raha.

Baba Sifa, nimekuona pale nyuma karibu na mlango. Nilikuomba uje mbele ukakataa, basi kaa hapo hapo. Jina lako nililichafua mbele ya watu, siwezi kulisafisha chumbani. Watu wa Mungu, mtazameni. Huyu hakuiba. Huyu hakumwonyesha mwizi njia. Siku ile alichelewa kwa sababu alikuwa bado mtoni akitafuta chakula cha watoto wake, na mimi nimekuja kuyajua hayo baada ya mwaka, kwa kuwa sikuuliza. Nisamehe, ndugu yangu.

Na wewe unayelala na hofu, sikucheki, naijua. Mtumaini Bwana. Alinisikia mimi nikiwa nimefunga kila mahali. Lakini leo ukifika nyumbani, kabla hujapiga magoti, tazama kwanza chini ya ukuta wako. Kama kuna tundu uliloliziba, lizibue leo, maana mlimani kumeanza kuwa kweusi.